Dobi Anayetaka Mama Asikate Simu

Jua halijapanda vizuri, na tayari chumba cha dobi kimejaa mvuke. Amesimama mbele ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi mkononi, ananyoosha kola ya shati jeupe. Midomo yake inacheza. Anaiamkia kola shikamoo. Kola, pamoja na malezi yake mema, haiitikii.

"Kola haina haraka," anasema, akilitoa kila neno taratibu. "Hainimalizii sentensi."

Dobi huyu, mwenye miaka arobaini na moja, ana kigugumizi tangu utotoni. Wateja humwita Bwana Sawa, kwa kuwa "sawa" ndilo neno linalomtoka bila mgogoro. Kwa neno hilo amekubali mengi asiyoyataka, likiwemo zulia la ukumbini lililomlaza kitandani kwa maumivu ya mgongo wiki nzima.

Lakini wateja hawamnyimi raha. Simu ndiyo inayomnyima.

Mama yake anaishi safari ya siku nzima kutoka hapo, na hajui kusoma. Kila Jumapili mwanawe humpigia. Neno likikwama, mama husikia kimya, hulaumu mtandao, hukata. Dobi huishia kuandika ujumbe, jirani wa mama akamsomea. Kwa miaka mingi mapenzi ya mwana yamemfikia mama kwa sauti ya jirani, tena jirani mwenye mafua yasiyoisha.

Mwaka jana alianza mafunzo ya usemi kwenye zahanati. Mwalimu wake, mwanamke wa makamo, alimfundisha kutanguliza pumzi na kuivuta herufi ya kwanza polepole. Dobi alilielewa somo kwa lugha ya kazini: pasi ikisimama inaunguza, basi isogee hata kidogo.

Jumapili iliyofuata somo hilo alipiga, akaivuta shikamoo kama alivyofundishwa: "Shhhhh..."

Mama akauliza, kwa uchungu, tangu lini mtoto aliyemzaa anamnyamazisha. Akakata.

Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akamshauri aache kukificha kigugumizi, akitaje kabla ya yote. Dobi akaifanyia mazoezi sentensi moja kwa miezi, shati baada ya shati, na Jumapili iliyopita akapiga, akaisema.

"Mama, usikate. Ukisikia kimya, ni mimi."

Mama hakukata.

"Kumbe siku zote hizo nilikuwa nakukatia wewe, baba?" mama akauliza kwa sauti ndogo.

Akasema atasubiri, na kweli akasubiri. Shikamoo ilichelewa sana njiani, lakini ilifika, ikaitikiwa.

Sasa dobi ana mpango mzito. Jumapili hii anataka kumsimulia mama kichekesho kirefu cha mbuzi na fundi cherehani, mpaka mwisho wake. Aliwahi kumtumia kichekesho hicho kwa ujumbe.

"Niliambiwa alicheka," anasema, macho yakiwa kwenye mkono wa shati. "Jirani ndiye aliyemsikia. Mimi sijui mama anachekaje siku hizi."