Mtungi wa Kwanza Kwenye Foleni

Harufu ya tumbaku haitoki ukutani. Nimepaka chokaa mara mbili, nimesugua sakafu kwa sabuni ya unga, nimeacha madirisha wazi mwezi mzima, na bado jua likipanda juu ya soko letu la Karurumo na mabati yakaanza kulia, harufu hiyo hushuka kutoka kwenye maboriti, tamu kidogo, kali kidogo, kama majani yaliyosahaulika mfukoni mwa koti la marehemu. Ghala hili lilijengwa kuhifadhi tumbaku wakati wa baba zetu. Watu walipoacha kuilima, likabakia na popo. Leo ni langu, na sisemi hivyo kwa kunong'ona. Nimelinunua kwa mikono hii yenye makovu ya cheche, mimi binti wa boma ambalo choo chake kilifungwa kwa gunia, mwenye diploma ya ufundi wa vyuma, niliyelehemu minara ya matangi ya maji kutoka Isiolo hadi Juba, mwanamke peke yangu katika kambi ya wanaume walionicheka mpaka walipouona mshono wangu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilikuwa chema na bado nilijitembeza, maana kwetu wanunuzi hawafiki. Lakini harufu ile haijali diploma. Ikishuka tu, nina miaka kumi na mmoja tena, na nimeshika brashi yenye rangi nyeusi.

Ulikuwa msimu wa pili mfululizo bila mvua. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, mbaazi zikajikunja, na hata mtama, ambao huwa hauna makuu, ulitoa masuke matupu. Mama alikuwa ameteremka Mwea kutafuta vibarua kwenye mashamba ya mpunga, akaniacha na cucu, mama yake baba, mwanamke mwembamba aliyetembea kama anayefukuzwa. Maji tuliyapata kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa mto, mwendo wa saa nzima bondeni, kwenye kinjia cha mawe yanayoteleza hata yakiwa makavu. Ya pili ilikuwa lori la maji, lililokuja siku lilipotaka. Hakuna aliyeweza kukaa sokoni akilingoja tangu Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo aliyengoja ni mtungi. Uliuandika jina, ukauweka nyuma ya ule wa jirani, ukarudi zako shambani. Mtungi ulikuwa wewe. Hata mtu aliyekuchukia hakuusogeza, kama vile asingemsogeza aliyelala. Na hakuna aliyepeleka mtungi unaovuja. Kwenye foleni ulipeleka ule mzuri.

Ndipo akaja Nyaga. Alikuwa kijana wa pale pale, mtoto wa mwenye bucha, aliyekwenda Nairobi kusomea sanaa na kurudi na nywele ndefu na kamera. Alikodi ghala, akafukuza popo, akasema pawe mahali pa jamii, pa kuonyeshea sanaa ya majaribio. Hakuna aliyejua maana yake, lakini tulifagia. Mgeni njoo mwenyeji apone. Alifika shuleni akatuambia tupeleke habari nyumbani: kila boma litoe mtungi mmoja wa zamani, ulioharibika, naye ataitundika yote darini ili watu wa mbali waone tunavyoishi. Akauliza ni nani mwenye mwandiko mzuri. Darasa zima likanigeukia. Hata wakati huo nilikuwa naongoza, na nilijua.

Nilipofika nyumbani, cucu aliniuliza mitungi ni ya nini. Nilikuwa na haraka ya kusema jambo moja tu. "Ni ya kuandikwa majina, cucu. Na mimi ndiye nitaandika!"

"Majina?" Aliacha kupepeta maharagwe. "Ni watu wa Nairobi wanataka majina?"

"Ndiyo."

Sikusema uongo. Ila sikusema ulioharibika, na sikusema sanaa. Watoto wengine nao sijui walisema nini, maana Jumamosi kijiji kizima kilimwagika ghalani na mitungi yake bora, ya njano, imesuguliwa kwa mchanga ikang'aa. Cucu ndiye alifika kwanza. Tulikuwa na mtungi mmoja tu wa lita ishirini, na ndio huo alioubeba. Mama Karimi, jirani yetu mwenye mdomo, alimtania akiwa nyuma yake: "Wewe mzee, ulilala hapa mlangoni?" Cucu akamjibu, "Anayelala ndiye hupata maji ya matope." Wakacheka. Nikachovya brashi nikaandika jina la boma letu, na juu yake nambari moja, kubwa, yenye kikofia na kiatu. Nyaga alisimama nyuma yangu akasema hajawahi kuona mkono kama huu. Maneno hayo yalinishibisha siku tatu.

Aliikuta mitungi ni mizuri mno, akashangaa kidogo, akasema watu wetu wana moyo. Jumatatu baada ya masomo nilikwenda kumsaidia tena. Alikuwa amewasha jiko la makaa na kuchomeka misumari ndani, ikawa myekundu. Akauchukua mtungi wa kwanza, akaugeuza matako juu, akaupitisha msumari. Ulitoa moshi mweusi na sauti ndogo kama ya mtu anayevuta pumzi. Akautoboa hapa, akautoboa pale, kama nyota, akasema taa zikiwashwa kwa ndani nuru itashuka badala ya maji. Nilisoma jina la boma letu likiwa kichwa chini. Mdomo wangu ulifunguka. Kisha akanipa karatasi ya majina niishike na kuniita msaidizi wake, nami nikaufunga. Mara nyingi nimejiambia nilikuwa mtoto. Ni kweli, nilikuwa mtoto, tena mwenye akili kuliko wote darasani.

Lori la maji halikuja wiki hiyo wala iliyofuata, na watu wakaelewana kwamba linangoja orodha ya ghalani. Nilimwambia cucu mara moja, kwa sauti ya chini, tukauombe mtungi wetu. Alinitazama kama niliyetukana. "Utoe mtungi kwenye foleni? Na sisi ni wa kwanza? Subira huvuta heri, mtoto wangu." Hapo ndipo ningesema. Badala yake niliinuka nikaenda kufunga mbuzi. Alikuwa akishuka mtoni na vijigaloni viwili vya lita tano, na kwa sababu havikutosha akashuka mara mbili kwa siku, ya pili jua likiwa utosini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku moja aliyevunjika alikuwa mkuu mwenyewe. Walimbeba kutoka mtoni juu ya mlango wa mbao uliong'olewa kwenye banda, nyonga imekwenda upande, na vigaloni vyake viwili vikiletwa nyuma na msichana wa jirani, bado vimejaa. Cucu hakuwa ameviachilia.

Siku ya maonyesho yalikuja magari matatu kutoka Nairobi. Watu wetu walipanga mstari nje, na punda wao. Milango ikafunguliwa, ndani giza, kisha taa zikawaka, na mitungi yote ikaning'inia juu yetu ikitiririsha nuru. Ilikuwa nzuri. Nasema kama fundi niliyeona kazi nyingi: ilikuwa nzuri kweli. Wageni wakapiga makofi. Mama Karimi alisimama katikati, uso umejaa madoa ya mwanga, akauliza, "Na maji iko wapi?"

Mgeni mmoja aliandika maneno hayo kwenye daftari lake. Nyaga alitabasamu, akidhani amepata swali la maana. Ndipo Mama Karimi akapanda juu ya benchi, akauvuta mtungi wake ukakatika kamba, akachungulia. "Huyu ametoboa! Nyaga, umetoboa mtungi yangu?" Sikumbuki kelele kama nikumbukavyo sauti ya mitungi ikianguka kwenye saruji, mmoja baada ya mwingine. Nyaga aliomba radhi kwa Kiembu safi, analia, akisema aliagiza mibovu. Hakuna aliyeuliza agizo lilipotelea wapi. Aliondoka kabla ya Jumapili.

Nilirudi nyumbani na mtungi wetu, nikauficha nyuma ya banda. Cucu alikuwa amelala akiuelekea ukuta. "Wamefika?"

"Wamefika, cucu."

"Nambari yetu ni ngapi?"

"Ni ya kwanza."

Aliniuliza hivyo karibu kila siku, nami nikamjibu hivyo hivyo, mpaka siku alipoacha kuuliza. Mvua ilinyesha wiki ya tatu baada ya kumzika.

Leo ghala lina umeme, na nyuma yake limesimama tangi la lita elfu kumi juu ya mnara niliolehemu mwenyewe, na bomba liko nje, atakaye achote. Nimeirudisha sanaa, kwa sababu kitu kile kilikuwa kizuri na sikutaka kife na jina baya. Vijana hutoka Embu na Meru. Mmoja wa Ruiri alitundika ngozi za mbuzi zilizoshonewa redio mbovu zinazokoroma. Kila ufunguzi nasimama mlangoni na kutangaza kwa Kiembu, kisha kwa Kiswahili: hapa hakuna kinachogawiwa, hakuna anayeandika majina, ni ya kutazama tu. Wananicheka. "Tumesikia, fundi, ata jana tulisikia!" Sijali. Heri kuchekwa. Na mtungi wenye nambari moja uko ofisini kwangu. Wasanii wawili wameuomba, nimewanyima wote.

Mwezi uliopita, baada ya tangazo langu, kikongwe mmoja nisiyemfahamu alijaza vigaloni vyake viwili kwenye bomba langu. Kisha akatoa mtungi wa tatu, mtupu, umesuguliwa, akauweka kando ya mlango wa ghala.

"Cucu, hapa hakuna foleni," nikamwambia. "Ni maonyesho tu."

"Nimekusikia. Umesema mara mbili."

"Basi chukua mtungi wako."

Aliutazama, akanitazama mimi, na koti langu la kazi lenye jina langu kifuani. "Na wakikuja?"

Alijitwika maji yake akaenda. Jioni nilifunga ghala, nikauzunguka mtungi ule kwa uangalifu, nikauacha pale pale.