Mama Anapumua, Msimsalimie

Mama alirudi kutoka Dar titi moja limeondolewa kwa saratani, nami nikiwa na kazi niliyopewa na nesi wa huko: kumhesabia pumzi. Avute hewa kwa pua nikihesabu hadi nne, aitoe kwa mdomo polepole hadi sita, kama anayepoza uji. Afanye hivyo kichefuchefu kikianza kupanda, kabla hakijamshinda. Dawa ya mshipani alikuwa ameshachomwa mara mbili, zikabaki mbili. Naye alikuwa ameapa harudi.

"Bora nife hapa kwangu Ilongero," alisema, "kuliko kutapikia watu kwenye basi."

Neno lile lilinichoma. Nilimpenda mno mama yangu, na nilitaka aishi, basi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipowafungulia watu biashara. Jirani alikuwa amenunua mashine ya kukamua alizeti, harufu ya mafuta ikawa inatuingilia ndani tangu asubuhi. Mama, aliyelima alizeti maisha yake yote, sasa hakuweza kuivumilia. Ikianza, namkalisha mkekani, mgongo ukutani. Moja, mbili, tatu...

"Hodi! Shikamoo mama!"

Kwetu mgonjwa lazima aonwe, na salamu lazima iitikiwe. Mama anakata pumzi katikati aseme marahaba, aulize watoto, ng'ombe, mvua. Kisha beseni. Siku moja walikuja kina mama wa kwaya, kila mmoja na salamu yake. Alitapika mpaka nyongo.

Mimi nina hasira za karibu. Kesho yake nikaweka kigoda mlangoni, nikakaa.

"Mama anapumua. Msimsalimie."

Loo! Mmoja aligeuza na kuku wake kwapani. "Huyu binti kasoma mpaka kapitiliza!" Nikamwacha aende.

Mchana akafika shangazi, dada mkubwa wa baba, kutoka Mtinko, vumbi hadi magotini. Nikamwamkia, kisha nikamwambia lile lile.

"Anapumua? Kwani mimi sipumui?"

Akanipita, akaingia. Mama alipomwona akaanza kujiinua ili amwamkie wifi yake. Shangazi akamshika mabega, akamrudisha chini.

"Shikamoo yako nimeshaipokea tangu mlangoni. Wewe pumua." Akanigeukia. "Na wewe hesabu! Unanitolea macho ya nini?"

Nikahesabu. Shangazi alikaa ubavuni kwa mama, miguu kainyoosha, akavuta na kutoa pamoja naye, puani anakoroma kama yuko usingizini. Mashine ikanguruma, harufu ikaja. Mama akafumba macho, jasho likamtoka, lakini hakukatiza. Tukarudia, tukarudia. Beseni lilibaki kavu.

Ndipo mama akaanza kulia.

"Wifi, siyo kutapika. Naogopa. Naogopa kufia njiani, kwa watu nisiowajua."

Wiki zote zile nilimwona mkaidi, nikamgombeza. Sikuwahi kumuuliza.

"Najua," shangazi akasema. "Hata mimi naogopa. Tutakwenda wote, tukaogope pamoja. Mnatakiwa lini?"

Mama akajifuta uso kwa upindo wa khanga.

"Jumatatu," akasema. "Basi la alfajiri."

Nikafungua mdomo niendelee kuhesabu, nikaishia mbili. Machozi yalinitoka pale mbele yao, na wao wakapumua bila mimi.