Kigoda cha Ng'ambo ya Cherehani

Mke wangu ni wakili, na hajui kudanganya hata kwa adabu. Nikizidisha chumvi kwenye mboga, anakunywa maji kwanza, halafu ananiambia. Wanaosema mawakili wote ni waongo waje wale kwangu.

Ana desturi moja. Akienda kuzungumza na mtu ambaye si mteja wake, haketi ubavuni pake. Hukaa mkabala naye. "Ajue mapema niko upande gani," husema. Mimi niliona ni maringo, mpaka nilipomsindikiza kwa bibi mshonaji.

Mteja wake, mwenye nyumba, alikitaka chumba cha bibi huyo kwa ajili ya mwanawe anayeoa. Bibi alizalia watoto mle, akafiwa na mume mlemle. "Mwambie nyumba inabomolewa, ataweka saini ya kuhama," mwenye nyumba alifoka barazani kwetu, hata mimi jikoni nikasikia. Mke wangu akamjibu kwamba kumwomba bibi ahame ataomba, ila uongo hatausema.

Bibi alifurahi kupata wageni. Akasukuma vitambaa vilivyojaa kitandani, akapapasa godoro.

"Njoo ukae hapa na mimi, mwanangu."

Mke wangu akavuta kigoda, akakaa ng'ambo ya cherehani. Niliona haya kwa niaba yake.

"Mwenye nyumba anasema panabomolewa," bibi akasema. "Wewe umesoma. Ukiniambia ni kweli, naweka saini sasa hivi."

Kuitikia kwa kichwa tu kungetosha.

"Bibi, usinitegemee mimi. Mimi ni wakili wa mwenye nyumba, si wako. Siwezi kukwambia ni kweli. Usiweke saini kabla hujapata wakili wako. Pale mahakamani kuna ofisi ya msaada wa sheria, hawatozi kitu."

"Kumbe umekuja kunitoa."

"Nimetumwa kukuomba uhame. Ndiyo, bibi."

Bibi akageukia cherehani yake, akashona bila kutuaga. Njiani mke wangu alilia mpaka nikasimamisha gari. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu, na nikamwambia hivyo.

Bibi alikwenda kwenye ile ofisi. Njia ya mwongo ni fupi: ilijulikana upesi kwamba hakuna wa kubomoa hata choo, naye akabaki na chumba chake. Mwenye nyumba alinuna, akahamishia mambo yake kwa wakili mwingine.

Yalipokwisha yote, tulirudi kwa bibi na gauni lililofumuka pindo. Mke wangu akasimama mlangoni, anaogopa kuingia.

"Leo umetumwa na nani?" bibi akauliza.

"Sijatumwa na mtu, bibi. Nimeleta gauni tu."

Bibi akapapasa godoro. Mke wangu akaenda akakaa ubavuni pake, bega kwa bega, machozi yakimlengalenga. Bibi akaligeuza lile pindo, akaguna.

"Na huyu aliyelishona vibaya hivi ni nani?"

Nilimkonyeza mke wangu anisitiri, angalau mara moja katika ndoa yetu.

"Ni huyo hapo mlangoni," akasema.