Daktari na Kadi Iliyonyamaza

Daktari alikuja kuomba kona dukani kwa Bi Bado akiwa na koti jeupe, kalamu tatu mfukoni, na uso wa mtu aliyekuja kutoa msaada.

Bi Bado alikuwa akinunua na kuuza kompyuta kuukuu. Jina alibandikwa na wateja, kwani bei yoyote waliyotaja aliijibu kwa neno hilo moja. Lakini huyu hakuwa mteja. Alikuwa mume wa mdogo wake, na mdogo mtu alishinda asubuhi nzima akilia kwenye simu. Bi Bado akampa kona ya nyuma, karibu na choo.

"Kona tu, shemeji. Usije ukanijengea ukuta."

Lile koti hakupewa na chuo chochote. Udaktari alijipa mwenyewe, vifaa akaviita wagonjwa, na kabla hajafungua hata skrubu moja alikwisha kumtangaza mgonjwa marehemu. Mita yake ya kupimia umeme ilining'inia ukutani kama picha ya harusi, bado imo kwenye nailoni yake.

"Mita ni ya wanaojifunza," alisema. "Mimi nanusa."

Na kweli alinusa. Aliinamisha pua juu ya ubao wa saketi, akafumba macho, akatamka: "Kapasita," yaani kile kikopo kidogo cha kuhifadhi umeme. Siku zote kapasita. Ungemletea kiti kilichovunjika mguu, angesema kapasita.

Alichokitamani hasa ni meza ya dirishani, wapita njia wamwone. Bi Bado alimpiga danadana mpaka siku alipoingia mwalimu mstaafu wa muziki, amekumbatia kompyuta ya zama zile na spika zake mbili.

"Nyimbo zangu zote za kwaya nilizitungia humu," alisema mwalimu. "Sasa kadi ya sauti imekata kauli. Nimezijaribu kwenye kompyuta mpya ya mwanangu, zinalia kama kengele ya mlangoni. Naitaka sauti ya kadi hii hii."

"Na ikiimba, mwalimu?"

"Nina stoo imejaa mashine za shule iliyofungwa. Ikiimba, beba zote."

Kwa mara ya kwanza Bi Bado hakusema bado. Akamgeukia shemeji yake. "Ukiiponya, meza ya dirishani ni yako. Ukishindwa, unafungasha, na mkeo asinipigie simu."

"Shemeji, anza kuifuta vumbi hiyo meza."

Mwalimu alipoondoka, Daktari akaichomoa kadi, akainusa. "Kapasita."

"Hata hujaiwasha!"

"Maiti haulizwi hali, shemeji."

Akazing'oa kapasita zote kwa pasi ya kulehemu yenye moto wa kunyooshea suti, ubao ukageuka rangi ya chai. Akapachika nyingine alizozitoa kwenye redio mbovu. Moja aliigeuza, upande wa hasi ukaingia kwenye chanya. Alipowasha, ikapasuka paa! moshi ukatanda mpaka mlangoni.

"Inatoa sumu," akasema bila kupepesa. Akaweka nyingine. Kimya. "Basi ni chipu. Mpe mwalimu pole, mgonjwa ameshatangulia."

Mwalimu alipokuja, Bi Bado hakumpa pole. Stoo nzima ilikuwa inamponyoka hivihivi. Akamvutia kiti, akauliza swali ambalo Daktari hakuwahi kumuuliza mgonjwa yeyote.

"Siku iliponyamaza, kulitokea nini?"

"Wala hakuna. Asubuhi iliimba. Mke wangu akafuta vumbi huku nyuma, jioni nikawasha, kimya."

Bi Bado akaiwasha kompyuta, akauanzisha wimbo mmoja, kisha akaizungusha. Pembeni mwa matundu ya spika kulichungulia kigurudumu cha plastiki, chembamba kama ukingo wa sarafu, cha kupandishia sauti kwa kidole. Kadi za zamani zilikuwa nacho. Kitambaa cha mke wa mwalimu kilikuwa kimekisukuma mpaka chini kabisa. Akakirudisha kwa kidole gumba.

Kwaya ikajaa dukani. Kutoka spika ya kushoto tu. Ya kulia ilichemka kama mafuta kikaangoni. Bi Bado akabadilisha nyaya za spika, mchemko ukahamia kwenye ile ya kushoto. Spika zilikuwa nzima; njia ya umeme ya upande mmoja wa kadi ndiyo iliyobanduliwa na pasi ya Daktari.

"Mnaona?" Daktari akapaza sauti. "Nimeifufua!"

"Sauti za wanawake niliziweka upande wa kulia," mwalimu akasema polepole. "Nimebaki na besi. Imeimba nusu, mama. Chukua nusu ya stoo."

"Bado," akasema Bi Bado.

"Basi acha yote." Tayari mwalimu alishaikumbatia kompyuta yake.

Bi Bado akachukua nusu: ile ya mlangoni mwa stoo, skrini nzito za kizamani zisizo na mnunuzi. Mashine nzuri zilibaki nyuma. Mwalimu alirudi na besi zake. Daktari alifungasha siku hiyo hiyo, akamweleza mkewe kwamba amefukuzwa kwa wivu baada ya kufufua maiti, na mke akaamini. Simu ya mdogo mtu haikuja tena, na hiyo Bi Bado aliihesabu kuwa faida.

Mita Daktari aliisahau ukutani, bado imo kwenye nailoni. Bi Bado akaiuza kama mpya, na safari hii hakuwa amemdanganya mtu.