Atakufa au Auawe

Joséphine-Marie alifundisha darasa la tano huko Mpofi hadi mwaka 2012, wapiganaji walipochoma shule wakamchukua pamoja na daftari zake. Hawakumtaka kwa upishi. Walitaka mtu wa kuandika sheria za dawa, yale maji waliyonyunyiziwa ili risasi isiwapenye, kama muganga wao alivyozitamka.

Aliandika: usiguse mwanamke, usile sombe, yale majani ya muhogo, usigeuke nyuma. Na ya mwisho: "Atakayevunja sheria atakufa."

Basi kila aliyepatwa na risasi alihesabiwa kuwa amevunja sheria. Baada ya pigano la kwanza majeruhi wawili walirudi wamebebwa. Komanda aliwamaliza kwa panga mbele ya wenzao, damu ikaruka hadi kwenye pagne aliyojifunga mwalimu.

Pigano la pili likamleta Straton, mpiganaji aliyewahi kuchimba madini ya coltan huko Rubaya. Paja lilikuwa limepasuka, mfupa unaonekana.

"Sikukula sombe, komanda! Naapa!"

Komanda akachomoa panga, akamwambia mwalimu, "Soma sheria."

Alisoma hadi ile ya mwisho. Kisha, hata yeye hakutegemea, ile sauti yake ya darasani ikamtoka.

"Komanda, hapa iko 'atakufa'. Haiko 'auawe'. Dawa njo itamuua. Haikusema sisi."

Komanda akamgeukia muganga. Muganga alilitazama panga, akainamisha macho. "Njo nilisema vile," akakubali.

Wakamlaza Straton chini ya turubai, wakingoja afe. Siku ya nne akaomba bugali. Wenzake walipiga vigelegele, lakini komanda alimpiga Joséphine-Marie mdomoni kwa kitako cha bunduki. Meno mawili yakaanguka. Akamtupia kalamu.

"Andika 'auawe'."

Aliandika. Jumapili iliyofuata, mpiganaji aliyepigwa risasi begani alisomewa neno hilo kwa sauti, kisha akakatwa shingo.

Kambi iliposhambuliwa, Joséphine-Marie alikimbia na Straton, huyu akichechemea kwa fimbo, siku tisa msituni. Sasa mwalimu anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, huko Bweremana. Kila Noeli mke wa Straton humletea kuku na kumwita mama mwokozi. Mwalimu humpokea huyo kuku, humshukuru mama huyo, na siku nzima humuwaza yule wa begani, ambaye jina lake hakuwahi kuliuliza.