Mmeniacha na Nani

Mimi ni mchekeshaji. Ukifika Dongobesh ukauliza yule bibi wa kwenye simu anakaa wapi, utaoneshwa chumba changu nyuma ya duka la pembejeo, na anayekuonesha atakuwa ameshaanza kucheka kabla hajainua mkono. Mwanaume mzima na ndevu zangu, naitwa bibi. Zamani niliona ni sifa.

Ubibi wenyewe ulianza hivi. Tulipokuwa wadogo kulikuwa na tamthilia ya televisheni ya tajiri mmoja, wake zake, na mama yake mzazi ambaye kila wiki lazima apatwe na msiba. Televisheni ilikuwa nyumbani kwa mwalimu mkuu, kule kijijini kwetu Daudi, na tuliijaza sebule yake mpaka mlangoni, akina mama wakifuta machozi kwa ncha za kanga. Tulipokuwa watu wazima, mimi na wenzangu wawili tukasema, hebu tuirudie ile tamthilia kwa video za simu, ila iwe ya kuchekesha. Tajiri wetu akavaa gumbuti na kuendesha baiskeli isiyo na mnyororo. Mimi nikawa mama yake. Gauni, kitenge, kofia ya sufu ya baridi ya kwetu, na kazi yangu ikawa moja tu, kulia. Mwewe akichukua kuku, nalia. Bando likiisha, nalia.

Kilio hicho sikukibuni. Mimi bwana sina kipaji cha kubuni. Kipaji changu ni kumwona mtu mara moja na kumtoa kama alivyo. Kilio kilikuwa cha mama yangu.

Nilikuwa kidato cha pili siku gari lilipomleta baba kutoka hospitali, amefunikwa shuka. Mama alitoka zizini na ndoo ya maziwa. Wapo wanawake wanaojitupa chini. Yeye hakujitupa. Aliiweka ndoo vizuri isimwagike, akapeleka mkono nyuma kama anayetafuta kigoda, na kigoda hakipo, akaendelea kushuka taratibu mpaka akakaa kwenye matope. Ndipo akavuta pumzi ndefu akaanza, kwa Kiiraqw, sauti inapanda, inapanda, ikifika juu inakatika, halafu inaanza tena chini. Mmeniacha na nani? Semeni basi, mmeniacha na nani?

Nililia na mimi. Lakini huku nalia, nilikuwa nauangalia ule mkono unavyotafuta kigoda. Sijui ni mtu wa namna gani anayeangalia mkono siku kama ile.

Basi miaka ikapita, nikayageuza maneno kwa Kiswahili, nikakaa chini vilevile, mkono nyuma vilevile, nikamlilia kuku. Jamani, kilivuma! Wanafunzi wakiachwa na gari wanapiga kelele, mmeniacha na nani! Muuza nyanya akikosa wateja, hivyo hivyo. Jumapili moja kanisani kwetu Daudi sadaka ilikuwa kiduchu, mchungaji akainua kikapu akasema, "Waumini, mmeniacha na nani?" Kanisa zima likaangua kicheko, na wengine wakageuka kunitazama mimi niliyekaa nyuma. Mama alikuwa kwenye benchi la akina mama. Hakugeuka. Nikajisemea, ana simu ya kitochi tu, hajaona hizo video, hajaelewa mzaha. Nikaendelea kupokea tabasamu za watu.

Mwaka jana akanipigia mwongozaji wa filamu kutoka Arusha. Alitaka mtu wa kuigiza baba aliyefiwa na mwanawe. "Si kichekesho," akasema. "Nakitaka kile kilio chako, ila safari hii ulie kweli." Nilirukaruka chumbani peke yangu. Mtu hawezi kujua njaa ya mchekeshaji. Unatamani siku moja tu watu wakutazame wanyamaze.

Kabla sijasafiri, mama mdogo, mdogo wake mama, akafariki kwao Masakta. Mama alitangulia. Mimi nilifika siku ya pili, siku ya mazishi, na kwa kweli nilikuwa nimepanga nikimaliza kumzika mama mdogo nimweleze mama habari njema ya filamu. Hebu fikiria.

Nikawasalimia wazee, shikamoo, shikamoo, nikaenda walipokaa wanawake. Wote walikuwa wanalia isipokuwa mama. Alikuwa amekaa wima kwenye mkeka, ameingiza pindo la kitenge mdomoni, amelibana kwa meno, macho makavu yanatazama jeneza. Nyuma yangu nikasikia mwanamke anamnong'oneza mwenzake, "Ndugu wa tumbo moja huyu, hata chozi! Ana moyo wa jiwe." Nikaona hasira. Nilitaka kugeuka nimjibu.

Binamu yangu, mtoto wa kaka yake mama, akanivuta pembeni. Alikuwa na huzuni, lakini uso wake ulikuwa unapigana na kitu kingine. Akaniambia, "Tusamehe, ndugu yangu. Jana mwili ulipoletwa, mama yako akaanza ile ya kwako."

"Ile ya kwangu ipi?"

"Si kile kilio! Akashuka na mkono nyuma, akasema mmeniacha na nani. Wasichana wakashindwa kujizuia. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilitoka nje. Akakatisha katikati, akaingiza kitenge mdomoni, mpaka sasa hajakitoa. Hivi kwa nini anakuigiza kwenye msiba?"

Anakuigiza. Mama yangu, ananiigiza mimi. Nilipaswa kumwambia papo hapo, kile si changu, ni cha kwake, mimi ndiye mwizi. Sikusema. Nilisema, "Ni uchungu tu," nikaenda kushika koleo kwa wanaume. Nilipiga udongo ule kwa nguvu mpaka mzee mmoja akaniambia pole pole, kijana.

Jioni wageni walipopungua nilimpelekea mama chai ya maziwa nyuma ya nyumba. Alikuwa peke yake. Nikachuchumaa mbele yake nikasema, "Mama, nisamehe." Hakuniuliza anisamehe nini, hapo nikajua alikuwa anajua siku zote. Akapokea kikombe.

"Nilipoanza kulia nikasikia wanacheka," akasema. "Nikajua umefika. Nikainua kichwa nikutafute."

Akanywa chai. "Sikukuona," akasema.

Nilimwapia kwamba nitazifuta zile video zote, na nikazifuta kweli, nikiwa palepale Masakta. Kazi bure. Wiki hiyohiyo nikatumiwa moja na mtu nisiyemjua, na vikatuni vya kucheka chini yake. Ziko kwenye simu za watu.

Ungedhani basi nisingekwenda Arusha. Nilikwenda. Nilijiambia kwamba nikikilia kwa heshima mbele ya kamera, nitakuwa nimekirudisha kwa mwenyewe. Huo ndio uongo nilioubeba njiani, lakini ukweli ni kwamba niliitaka ile filamu.

Wakanivalisha koti kuukuu, wakanisimamisha mbele ya kaburi la kuigiza. Mwongozaji akasema anza. Nikapeleka mkono nyuma, nikashuka, nikavuta pumzi, na kabla sijafika popote mshika taa akacheka. Tukarudia, wakacheka wawili. Mwongozaji akafoka, akawatoa nje, tukarudia tena, na safari hii aliyebana kicheko alikuwa yeye mwenyewe. Kilio kilikuwa kimeshakufa. Nilikiua mimi kwa kuku na bando.

Mara ya mwisho sikuweza hata kukianza. Nilimwona mama akilini, kwenye ule mkeka, na aibu ikanishika. Nikalishika kola la koti nikaliingiza mdomoni, nikalibana kwa meno, nikatazama lile shimo. Sikuwa naigiza, naapa. Nilikuwa nimeishiwa. Pakawa kimya. Mama anayetupaka vipodozi akaanza kufuta macho. Mwongozaji alingoja muda mrefu kabla ya kusimamisha kamera, halafu akaja akanikumbatia. "Hiyo!" akasema. "Hiyo umeitoa wapi?"

Na mimi nikafurahi. Nilitabasamu na nyuzi za koti bado ziko kwenye meno. Kila nikikumbuka lile tabasamu naona haya hata nikiwa peke yangu.

Filamu ilitoka, na kipande kile ndicho watu wanachotumiana. Dongobesh sasa wananisalimia kwa adabu. Mchungaji wa Daudi alinishika mkono akasema alilia.

Mwezi uliopita nilikwenda Daudi. Mama alikuwa uani anapukuchua maharage. Akaniambia wenzake wa jumuiya wamemsifia mwanawe, anataka aone na yeye. Nilitafuta visingizio, mara chaji imeisha, mara mtandao hauko. Akafuta mikono kwenye gauni, akanyoosha kiganja, akangoja. Nikampa simu.

Alitazama mpaka mwisho. Nilikuwa nimeangalia maharage, lakini nilijua amefika wapi kwa ule ukimya wa kwenye filamu.

"Hapa hawakucheka?" akauliza.

"Hawakucheka, mama. Walilia."

"Ni mimi huyu wa Masakta."

"Ni wewe."

Akanirudishia simu kwa ncha za vidole asiichafue. Akachukua ganda jingine la maharage, akalipasua, punje zikaanguka kwenye ungo. Hakuwa amekasirika, na ningeshukuru kama angekasirika.

"Kile cha kwanza wanakicheka," akasema. "Hiki nacho sasa wanakijua, wataniambia naigiza filamu." Akanitazama usoni. Alikuwa ananiuliza kweli, kama mtu anayetaka jibu. "Sasa nikifiwa tena, mwanangu, nitalia vipi?"