Njaa Niliyoiita Mfungo

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi niliyosema uongo nikiwa na mate tele mdomoni. Nilikuwa nimeketi barazani kwa jirani yangu Mama Keji, huku Gurei, upande wa magharibi wa Juba. Sinia ilikuwa katikati yetu. Asida, ule ugali wetu wa mtama, ilikuwa bado inafuka moshi, na kando yake palikuwa na bakuli la mboga za majani zilizoungwa kwa karanga. Mama Keji alinawa, akabariki chakula, akanisogezea upande wenye mchuzi mwingi.

“Karibu, Mama Wani. Kula.”

“Asante, mama,” nikasema. “Leo nimefunga.”

Yalikuwa maneno mawili tu, lakini ngoja nikueleze nilivyoyafikia, maana sikuwa mtu wa kusema uongo. Kila Jumamosi nilikuwa nafundisha katekisimu. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kwamba mtu akifunga anafunga kwa siri, na Mungu ndiye anayejua.

Ilikuwa miaka ile baada ya mkataba wa amani uliomaliza vita na Khartoum, nami nilikuwa sijafika arobaini. Mimi nilikulia ukimbizini Kitale, Kenya. Tulirudi Juba na mume wangu, watoto wawili na magodoro matatu. Tulikuwa na furaha ambayo sijui kuieleza, na furaha ile tuliila. Kila nyumba tuliyoingia kulikuwa na ndugu ambaye hatujawahi kumwona, na kila ndugu alikuwa na sinia. Chai ilikuwa na sukari mpaka kijiko kinasimama. Ofisini nako walipika mchana. Miaka miwili ikapita, na siku moja muuguzi akanipima presha mara mbili, kana kwamba hakuiamini mashine yake.

“Mama, punguza mwili,” akaniambia. “Na haya magoti bado utayahitaji.”

Ungefikiri ni jambo jepesi. Lakini Juba ya miaka ile, mtu akikonda aliulizwa nani amekufa kwao. Mwanamke akikonda, ndugu zake walikuja kumwangalia mume vibaya. Na kukataa sinia ya mtu ni kumwambia kwamba mkono wake mchafu. Zaidi ya hayo niliona haya. Mama Keji alikuwa amekimbilia Uganda kwa miguu wakati wa vita, akila majani ya porini. Ningemwambiaje kwamba mimi ninacho chakula na nakikataa? Ni neno moja tu lililokubalika kila nyumba bila maswali, nalo ni mfungo. Basi nikalichukua.

Mama Keji hakubishana. Alifunika asida kwa kawa, akanishika mikono yote miwili. Kiswahili chake alikuwa amekitoa Uganda.

“Mama Wani, Mungu amekuleta. Unajua Keji yangu alibaki Khartoum wakati wa vita. Sasa wamesema amepanda meli ya mto pale Kosti, yeye na watoto. Meli ilikuwa ifike zamani. Haifiki. Mimi nataka kufunga, lakini dawa ya sukari inakataa. Wewe iko na nguvu. Funga kwa ajili ya Keji, mpaka meli ifike.”

Hapo ndipo ningesema ukweli, mwanangu. Palikuwa na nafasi. Nikaitikia, “Nitafunga, mama.”

Siku zilizofuata nilijifunza mambo kuhusu njaa ambayo sikuwahi kuyajua, na nakiri yalinishangaza. Nilidhani njaa ni kama mzigo, kwamba ukishaubeba asubuhi unazidi kuwa mzito hadi jioni. Kumbe inakuja na kuondoka. Yangu ilikuja saa nne kamili, ikakaa muda wa kunywa chai, ikaenda. Saa sita, harufu ya jiko la ofisi ilipopanda, ikarudi na mate. Saa tisa haikuja kabisa tumboni. Ilikuja kama hasira. Niliwahi kumkaripia dereva kwa sababu ya kalamu, na kalamu yenyewe nilikuwa nimeishika mimi.

Lakini sikuwa na akili ya kuitumia elimu hiyo. Nilishinda na chai ya rangi peke yake, kisha jioni nikala kama mtu aliyelima shamba la kijiji kizima. Mume wangu alinitazama siku moja nikichota mara ya tatu.

“Huu mfungo wenu wa Gurei,” akasema, “wenye sufuria mbili, mimi pia ningeuweza.”

Mwili haukupungua. Kilichopungua ni amani yangu, kwa sababu Mama Keji alikuwa amewaambia watu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda bandarini kuuliza habari za meli, alipita kwangu kunisalimu, na akikutana na mtu njiani alininyooshea mkono: “Huyu ndiye anamfungia Keji yangu.” Baada ya ibada ya Jumapili wanawake wakaanza kunijia. Mmoja alitaka nimfungie mumewe aache pombe. Mwingine alitaka nifungie kesi ya kiwanja. Nikawa mtakatifu wa mtaa kwa sababu ya kutaka kuokoa magoti.

Ikafika wiki ya pili. Nilitumwa na ofisi kupeleka karatasi Hai Cinema, pale katikati ya mji penye vihoteli. Ilikuwa saa nne, saa ya ile njaa yangu. Mikono yangu ilikuwa na baridi ingawa jua lilikuwa kali, na ardhi ilikuwa inapanda na kushuka kidogo. Kwenye kihoteli kimoja kulikuwa na mtu anauza ful, yale maharage ya kupondwa na mafuta ya ufuta na vitunguu. Sikumbuki kuagiza. Nakumbuka mkate mkononi, mafuta kidevuni, na raha ambayo nusu yake ilikuwa aibu. Nilipoinua macho, Mama Keji alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli wake, ametoka bandarini.

Tuliangaliana. Mimi nilikuwa na tonge shavuni, sikuweza kulimeza wala kulitoa.

“Keji bado,” akasema. “Leo pia hakuna meli.” Akatazama sahani yangu, kisha akanitazama mimi. “Maliza, Mama Wani. Itapoa.”

Akaenda zake.

Nilirudi Gurei saa kumi kwa bodaboda, na njia nzima nilikuwa natunga. Nitasema nilizidiwa. Nitasema ilikuwa dawa. Nitasema ni siku moja tu, siku zote nyingine nilishika. Ule wa mwisho ulikuwa uongo mzuri, ungesimama. Lakini nilipofika, alikuwa ameketi anachambua dengu, hakunisogezea kigoda kama kawaida yake, na maneno yote yakanitoka kichwani. Nikakaa chini kwenye vumbi na gauni la ofisi.

“Mama, sikufunga. Muuguzi alisema nipunguze mwili. Niliona haya kukwambia.”

“Hata siku moja?”

“Hata moja.”

“Na ile siku ya kwanza, ya asida?”

“Siku ile niliitamani asida yako mpaka nikasahau ulichokuwa unaniambia.”

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akalitupa. Akatoa jingine.

“Kunidanganya mimi, hiyo iko kidogo,” akasema mwishowe. “Mimi mtu mzima, nimedanganywa na wakubwa kuliko wewe. Lakini nililala, binti. Wiki mbili nililala vizuri. Nilisema, kuna mtu anabeba mtoto yangu mbele ya Mungu, wacha nipumzike kidogo. Kumbe hakuna mtu.”

Mwanangu, nimekaripiwa na wazazi, na walimu, na mchungaji mbele ya kanisa. Hakuna lililoniingia kama hilo, na hakupaza sauti. Nililia. Aliniacha nilie mpaka dengu zikaisha kwenye ungo.

Kisha akafanya jambo ambalo bado najiuliza lilitoka wapi. Alifuta mikono kwenye kitenge, akanisogelea, uso wake umekuwa wa mtu anayetaka kujua.

“Sasa niambie. Hiyo njaa ya kujitakia ikoje? Mimi najua ile nyingine tu.”

Sikuelewa kama ananicheka.

“Inauma wapi? Juu hapa au chini?”

“Juu, mama. Chini ya kifua.”

“Inakuja na mate?”

“Wakati mwingine.”

“Na mikono?”

Nikamweleza habari ya baridi, na kizunguzungu cha Hai Cinema. Akapiga makofi mara moja, kama fundi aliyegundua mahali gari lilipoharibikia.

“Basi wewe umechanganya njaa mbili! Ile ya mate si njaa, ni mdomo inakumbuka. Hiyo unaisalimia, unaipa maji, unaendelea kufagia. Ukifika mwisho wa uwanja imeondoka. Lakini ile ya mikono baridi, hiyo ni mwili inaita. Hiyo huikatai. Sisi njiani tuliikataa kwa sababu hakuna kitu. Wewe unaikataa na sufuria iko jikoni! Nani alikufundisha?”

“Hakuna mtu.”

“Inaonekana.” Sasa alikuwa anacheka kweli. “Mtu anashinda bila kitu, halafu jioni anakula mpaka ya kesho. Hata ng'ombe hafanyi hivyo.”

Akaniuliza mengine mengi, kama nalala vizuri, kama njaa inakuja nikiwa na kazi au nikiwa nimekaa bure, kama ninywapo chai bila sukari inakasirika au inanyamaza. Mengine sikuwa na jibu, akaniambia niende nikaiangalie kisha nije nimwambie. Ndivyo nilivyofanya, mwanangu, na ndivyo njaa ilivyoacha kuwa adui wangu. Ni vigumu kukiogopa kitu unachokichunguza. Nikawa nakula uji asubuhi, na mchana maharage na mboga, na jioni kidogo. Mate yalipokuja niliyapa maji na kazi ya mikono. Mikono ilipopoa, nilikula bila kuomba radhi. Niliporudi kwa muuguzi na kumweleza, alisema ningemuuliza yeye mapema nisingehangaika hivyo. Alisema kweli.

Na sinia ya Mama Keji? Siku hiyo hiyo alitangaza sheria. “Kwangu utakula matonge matatu, mimi mwenyewe nitahesabu.” Wanawake wengine walipoleta sahani zao, yeye ndiye aliyewajibu kabla yangu: “Mwacheni, muuguzi amesema. Kilo zake ni nyingi, na magoti ni mawili tu.” Walicheka, na hakuna aliyekasirika. Haya yangu yote ilikuwa imejengwa juu ya jambo ambalo watu walilimaliza kwa kicheko kimoja.

Lakini jambo la Keji lilikuwa halijaisha. Kabla sijaondoka jioni ile nilimwomba aniruhusu nianze upya.

“Ijumaa,” akasema. “Mpaka saa tisa tu, halafu unakula. Na usimwambie mtu. Mimi sifungi, lakini nitakaa na wewe.”

Ijumaa ile niliomba ruhusa kazini, tukaketi kwake tunashona. Saa nne njaa ikaja, mahali pale pale, chini ya kifua. Nilikuwa nimetarajia kwamba kwa kuwa sasa nimefunga kweli itakuwa tukufu zaidi, labda nyepesi, labda na faraja ndani yake. Haikuwa. Ilikuwa njaa ile ile. Tofauti ni kwamba kila ilipouma ilinikumbusha jina la mtu, nami nikalitaja jina hilo kwa Mungu, na ilipoondoka nikabaki nimelishika. Hadi leo sijui zaidi ya hapo kuhusu mfungo, na nimeufundisha miaka mingi.

Meli haikufika Ijumaa ile, wala iliyofuata. Ilifika Jumanne moja mwezi uliofuata. Sitakuambia kwamba mfungo wangu ndio ulioisukuma. Waliokuwa ndani walisema injini ilikufa kwenye matete, wakakaa wakingoja kifaa. Ninachojua ni kwamba Mama Keji alipita kwangu akikimbia, yeye na miguu yake ya uzee, tukaenda bandarini pamoja. Keji alishuka akiwa na watoto watatu na kitanda cha chuma. Walishikana, watu wakiwasukuma na magodoro yao.

Baada ya muda mrefu Mama Keji alinivuta mbele ya binti yake. Nikainamisha kichwa, nikingoja kusikia atasemaje.

“Huyu ni Mama Wani, jirani,” akasema. “Alikufungia Ijumaa nne.”

Ijumaa nne. Hakuongeza hata moja kunipamba, wala hakuzitaja zile wiki mbili kunivua nguo. Alinipa haki yangu kamili, na sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko ile.

Basi, mwanangu unayetaka kupunguza mwili, nakusihi hivi. Mwulize anayejua dawa kabla hujaanza. Njaa ikija usiikimbie wala usiipige. Iangalie, ujue ni ya mdomo au ni ya mwili, na ya mwili uipe chakula chake. Nenda polepole. Mimi ilinichukua mwaka na zaidi, lakini nilipiga magoti kanisani na kuinuka bila kushika benchi. Waambie ukweli wale mnaokula nao, maana watakusaidia kuliko unavyodhani. Na usichukue jina la Mungu kuwa kifuniko cha haya yako, kwa kuwa hujui ni nani atakuja kuegemea kifuniko hicho akidhani ni ukuta.

Mwenyezi aliyenirudisha nyumbani na kunipa chakula cha kutosha hata nikahitaji kukipunguza, akulishe kila siku kwa kipimo chako. Akupe mwili mwepesi na neno linaloaminika. Na siku utakapoelemewa, akupe mtu atakayekubeba kweli mbele zake, ili nawe ulale. Amina.